Usiku wa Kwanza wa Goti Jipya



Baada ya mkutano wetu wa likelemba uliopita, mama mmoja alinivuta kando. Mama yake mzazi, mwenye miaka 68, anakwenda kubadilishwa goti. Pesa imepatikana kwa shida, watoto wote wamechangia, tarehe imepangwa. Lakini daktari wa usingizi amesema neno lililomtia mama huyu wasiwasi: pamoja na dawa ya ganzi ya mgongoni, atamtilia mzee "mofini kidogo". Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jambo la aibu: "Mofini si ile wanayopewa wagonjwa wa kansa wakiwa karibu kufa? Na kama kweli ni dawa ya maumivu, mbona kidogo? Na pesa yote ile tuliyolipa, si watie ya kutosha?"

Nilimjibu kwa maneno machache, mvua ilikuwa inakuja. Leo namjibu kwa urefu, kwa sababu maswali hayo mawili niliwahi kuwa nayo mimi mwenyewe, na lile la pili lilinipa usiku ambao sijausahau mpaka leo.

Tuanze na lile mnalolijua. Wengi wetu tulizaa kwa kupasuliwa, kwa hiyo sindano ya mgongo tunaijua, ile wauguzi wetu wanayoiita rashi. Unakaa ukingoni mwa meza, unakunja mgongo kama paka, mtu anakushika mabega, sindano nyembamba inapita kati ya mifupa ya kiuno. Baada ya dakika chache miguu inakuwa mizito, kama ya mtu mwingine. Sindano ya kubadilisha goti ni hiyo hiyo. Wa kwanza kuifanya kwa ajili ya upasuaji alikuwa daktari wa Ujerumani, August Bier, mwaka 1898. Yeye na msaidizi wake Hildebrandt walijaribiana wenyewe kwa wenyewe. Hildebrandt alipokufa ganzi, Bier alimpiga muundi kwa nyundo ya chuma na jamaa hakusikia kitu. Baadaye wote wawili waliumwa kichwa vibaya. Mama aliyewahi kuumwa kichwa cha rashi atawaonea huruma.

Sasa goti lenyewe. Goti la mzee linapolika, mfupa unasuguana na mfupa. Daktari anakata ncha zilizoharibika za mfupa wa paja na wa muundi, anazivisha vifuniko vya chuma, katikati anaweka kipande cha plastiki ngumu. Mgonjwa akiwa na ganzi hasikii kitu. Lakini ganzi ya rashi hudumu saa mbili, tatu, labda nne, kisha inaondoka. Goti lililobadilishwa ni miongoni mwa vidonda vinavyouma sana katika kazi zote za mifupa, na huyu mgonjwa haruhusiwi kulala tu akingoja lipone. Siku hiyo hiyo au kesho yake wanamtaka asimame, akunje goti, apige hatua. Asipokunja, goti linakakamaa. Asipotembea, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu. Na mtu anayelia kwa maumivu hakunji kitu.

Ndiyo maana daktari wa usingizi, akiwa tayari ameingiza sindano, anaongeza mofini kidogo katika ganzi ile ile. Haileti kidonda kipya wala sindano ya pili.

Uti wa mgongo ni barabara ambayo habari za maumivu hupitia kwenda ubongoni. Mofini ikiwekwa pale inakaa kama bariyeri: magari ya maumivu kutoka gotini yanasimamishwa, machache tu yanapita. Miguu haizuiwi. Ganzi ikiisha, mgonjwa anaweza kuchezesha vidole na kusimama, huku mofini ikiendelea na kazi yake. Ilikuwa mwaka 1979 ambapo madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika kwamba wamewatia wagonjwa wanane wa kansa mofini mgongoni na maumivu yakatulia kwa saa nyingi. Kwa hiyo mama hakukosea kabisa aliposema ni dawa ya kansa. Ilianzia huko. Lakini leo wamama wengi duniani wanaozaa kwa kupasuliwa huipata katika rashi yao, na wanarudi nyumbani na watoto wao. Na kwa wanaoogopa kwamba mzee atazoea dawa kama mvuta bangi: dozi moja ya mgongoni, iliyopimwa, haimfanyi mtu mtumwa wa mofini.

Tufike kwenye lile neno "kidogo".

Kichupa cha mofini cha sindano mara nyingi kina miligramu 10. Ukimchoma mtu mzima kichupa hicho kwenye nyama ya paja, ni dozi ya kawaida. Mgongoni, dozi ya siku hizi ni karibu mikrogramu 100, wengine hufika 150. Mikrogramu 100 ni sehemu moja ya kumi ya miligramu moja. Maana yake, kichupa kimoja kina dozi 100 za mgongo. Chukueni kijiko kimoja cha chai cha chumvi, mkigawe katika masufuria mia ya sombe. Ndicho kiasi tunachozungumza. Na tone hilo si dogo kwa nguvu: wataalamu hukadiria kwamba mikrogramu 100 mgongoni ni sawa na miligramu 10 zinazopita kwenye mshipa, kwa sababu dawa imewekwa mlangoni penyewe pa maumivu, haizunguki mwili mzima kwanza.

Zamani walitia zaidi. Wale wagonjwa wanane wa 1979 walipata kuanzia nusu miligramu mpaka miligramu nzima. Kisha madaktari wakaona jambo ambalo sisi wapishi tunalijua: chumvi ikishatosha, ukiongeza hupati ladha, unapata chumvi. Ukipita kiasi fulani, maumivu ya goti hayapungui sana tena, lakini kuwashwa kunaongezeka, kutapika kunaongezeka, na hatari ya pumzi inaongezeka. Kwa hiyo daktari anayesema "kidogo" hakubanii. Tena yule anayepima hiyo tone ana kazi ngumu, maana akikosea hesabu ya kuchanganya mara kumi tu, amemtia mzee miligramu nzima. Na si kila mofini ya dukani inafaa. Ya mgongoni lazima iwe ile isiyotiwa dawa ya kuihifadhi isiharibike. Hiyo ni kazi yake, si yetu, lakini ni vizuri mjue kwa nini anachukua muda wake na sindano mkononi.

Kuna dada yake mofini aitwaye fentanili, nayo hutiwa mgongoni. Fentanili inapenda mafuta: inaingia haraka katika uti, inafanya kazi haraka, baada ya saa chache imekwisha. Inasaidia mezani, haifiki usiku. Mofini inapenda maji. Inakaa katika yale maji yanayozunguka uti wa mgongo, inaanza polepole, na inatuliza saa 18 mpaka 24. Huo ndio uzuri wake. Ubaya wake unatoka pale pale: maji hayo yanapanda polepole kuelekea kichwani, na mofini inapanda nayo, mpaka karibu na mahali pa ubongo panapoamuru kupumua. Safari hiyo inachukua saa nyingi. Hatari ya pumzi kupungua huja zaidi kati ya saa ya sita na ya kumi na mbili baada ya sindano, na inaweza kuja mpaka saa ya 24. Mtu aliyepasuliwa asubuhi, saa hizo ni jioni na usiku. Daktari amekwenda kwake. Muuguzi mmoja ana chumba kizima. Mwenye kuamka kando ya kitanda ni nani? Ni sisi, walinzi wa wagonjwa.

Nilikuwa mlinzi wa yaya wangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, alipobadilishwa goti. Hospitali siitaji; walimwokoa, na kosa lilikuwa langu kuliko lao. Lakini ni kweli kwamba hakuna aliyeniambia wametia nini mgongoni mwake, na mimi sikuuliza.

Alitoka upasuaji kabla ya saa sita mchana. Alasiri alikuwa anacheka. Goti lilikuwa limefungwa kama mtoto mgongoni na yeye anataka uji. Jioni akaanza kujikuna pua. Pua, mashavu, paji la uso, kifua. Nikamwambia labda ni chakula, labda ni shuka. Shemeji akaja kututembelea na mfuko kutoka farmasi: tramadoli, kwa sababu jirani alisema usiku wa goti ni wa kilio, na prometazini kwa ajili ya kuwashwa. Yaya hakuwa na maumivu makubwa. Alisema paja linamvuta tu. Mimi nikawaza, tusingoje yawe makubwa. Nikampa tramadoli mbili kwa chai, na kidonge cha prometazini juu yake. Kwa mkono wangu huu.

Saa nne usiku alikuwa amelala usingizi mzito, anakoroma. Nikashukuru. Nikatandika mkeka wangu chini, nikajifunika kitenge. Aliyeniamsha ni mama wa kitanda cha jirani, mwenye kumlinda mtoto wake aliyevunjika mguu. Hata jina lake sikulijua. Aliniambia: "Mama, huyu dada yako anapumua namna gani?" Nikasikiliza. Anakoroma, kisha kimya. Kimya kirefu. Kisha anakoroma tena. Tulihesabu kwa saa ya simu, sisi wawili, dakika nzima. Mara sita.

Nilimwita jina, hakujibu. Nilimtikisa bega, akafungua macho nusu, akayafunga. Muuguzi alikuja mbio, akamwinua kidevu, akamwekea oksijeni, akamulika macho: mboni zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini. Kisha akanigeukia: "Mmempa nini?" Wamama, nitasema ukweli. Nilinyamaza. Labda ni sekunde tano, lakini nilinyamaza, kwa sababu niliogopa aibu. Halafu nikamwonyesha mfuko.

Walimchoma naloksoni, dawa inayoiondoa mofini mahali ilipokaa. Baada ya dakika mbili yaya aliamka kwa hasira, goti linamuuma, anauliza kwa nini tunampigia kelele. Sijawahi kufurahia hasira yake kama siku ile. Lakini haikuishia pale, maana naloksoni hudumu muda mfupi kuliko mofini. Inaweza kuisha wakati mofini bado ipo. Wakarudia dozi alfajiri. Muuguzi alikaa nasi mpaka kukapambazuka, akanieleza haya ninayowaandikia, bila kunitukana hata mara moja.

Nilichokuwa nimefanya ni kujenga nyumba juu ya nyumba. Mofini ya mgongoni peke yake, kwa dozi ile ndogo, mara chache sana inafika huko. Tramadoli ni ya ukoo wa mofini. Prometazini inaleta usingizi, na kuwashwa kwenyewe kulikuwa si mzio hata kidogo: ni mofini ilikuwa inamwasha, ndivyo inavyofanya kwa wengi, hasa puani na usoni. Dawa za mzio haziusaidii sana mwasho huo, zinaongeza usingizi tu. Kitambaa cha maji baridi kingetosha, au muuguzi angempa kitu kingine.

Basi, mama uliyeniuliza, sikia. Siku ya upasuaji, kabla daktari wa usingizi hajaondoka, muulize: umetia mofini mgongoni? Kiasi gani? Saa ngapi? Andika katika daftari lako, na saa 24 zitakapoisha, andika pia. Mwambie mapema kama mzee anakoroma sana na pumzi inakatika usingizini, kama ni mnene sana, kama ana ugonjwa wa mapafu au wa figo, kama anameza dawa za usingizi nyumbani. Watu hao, pamoja na wazee sana, hupunguziwa dozi au hawatiwi kabisa.

Mwulize pia nani atamwangalia usiku, na kama naloksoni ipo katika chumba cha wauguzi. Usione haya. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wameandika kwamba aliyetiwa mofini mgongoni aangaliwe saa 24: kila saa moja kwa saa 12 za kwanza, kisha kila saa mbili. Kama hospitali haina mtu wa kufanya hivyo wala dawa ya kuizuia mofini, mimi binafsi ningemwomba daktari atumie njia nyingine, na njia zipo. Daktari wa mifupa anaweza kuzungushia goti dawa ya ganzi kabla ya kulifunga, au wa usingizi akachoma ganzi karibu na mshipa wa fahamu wa paja, mahali ambapo haulegezi mguu sana. Juu yake parasetamoli, na dawa za uvimbe kama ibuprofeni ikiwa tumbo na figo ni nzima. Mwaka 2022 kundi la wataalamu wa Ulaya liitwalo PROSPECT, lililopitia tafiti za goti, lilitanguliza njia hizo, na mofini ya mgongoni, mikrogramu 100, wakaiacha kwa wale wasioweza kupata sindano hizo za ganzi. Kwa hiyo akikwambia haitii, usidhani mzee amenyimwa.

Akiitia, usiku ni wako. Weka mkono tumboni kwa mzee akilala, uhesabu dakika nzima kwa simu. Mtu mzima anayelala vizuri hupumua mara 12 na zaidi. Chini ya 10, ita muuguzi. Kukoroma kunakokatika, ita. Midomo au kucha zikibadilika rangi, piga kelele. Na kila ukimhesabu, mwite jina: akijibu, hata kwa kunung'unika, ni usingizi. Asipojibu, si usingizi. Wakati unangoja mtu afike, mwinue kidevu, mtikise, mwambie "vuta pumzi" kama unavyomwambia mwenye uchungu wa kuzaa. Mara nyingi anasikia na kuvuta. Kile kifaa kinachobana kidole ni kizuri, lakini mgonjwa akiwa kwenye oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri huku pumzi inapungua. Mkono wako tumboni haudanganywi namna hiyo.

Mambo madogo nayo yapo. Akitapika, mgeuze upande na umwambie muuguzi, kuna dawa yake. Asipokojoa saa sita na tumbo la chini limejaa, sema; mofini inafunga njia ya mkojo, wakati mwingine lazima watie mpira.

Na hakuna kidonge kutoka mfukoni. Hata kimoja. Hata kile mkwe alicholeta kutoka mbali. Shemeji akija na farmasi yake, mpokee, mshukuru, uiweke chini ya mkoba, umwonyeshe muuguzi kwanza. Tramadoli inauzwa huku kwetu kama pipi, ndiyo maana tunaisahau ilivyo.

Jambo la mwisho ambalo watu hawajitayarishi nalo: kesho yake, saa ile ile ya sindano, bariyeri inafunguliwa. Maumivu yanarudi, na mgonjwa aliyekuwa anacheka anageuka. Parasetamoli ianze mapema, kwa saa zake, wakati bado hajisikii kuihitaji, asingoje alie. Hapo ndipo lile swali la "ya kutosha" linapata jibu lake, katika dozi ndogo za aina mbalimbali zinazopokezana, kila moja kwa saa yake.

Yaya sasa anapanda mlima wa nyumbani kwake bila fimbo. Kitu kimoja kinamkasirisha: walimkataza kigoda kifupi, na yeye hajui kupika akiwa amekaa juu ya kiti mbele ya mbabula. Ameniagiza niwaulize wenye magoti mapya mmefanyaje jikoni. Leteni majibu Jumamosi.